Kiatu kilichonimung'unyikia barabara ya Mikindani: tujadili viatu na nguo za mazoezi

BabaWaShangani

Wakuu, salaam. Wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi, na nyie mlioko Dar mnaojifanya hamtokei huku, karibuni.

Nina miaka 46 na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka jana suruali zilianza kunikataa kiunoni, moja baada ya nyingine. Mama watoto akacheka kwanza, kisha akanishauri kwa upole nianze mazoezi. Nikajiunga na kikundi cha mbio za pole. Tunakutana Shangani saa kumi na moja na nusu alfajiri, na Jumamosi tunaelekea Mikindani, kilomita kama kumi hivi.

Kiatu nilikinunua mtumbani kwa 40,000, kijana alianza na 65,000. Jamani, kile kiatu kilikuwa kizuri. Cheupe chenye mistari ya buluu, soli haina hata mkwaruzo, vile vinundu vya chini vyote vipo kama kimetoka dukani jana. Nikasema leo Mungu kaniona. Kilinibana kidogo mbele, muuzaji akaniambia "kitatanuka tu, bosi wangu", na mimi mtu mzima nikakubali.

Jumamosi ya tatu, tumeshaacha mji, bahari ya Mikindani inaanza kuonekana, nasikia kama nakanyaga changarawe. Nikapuuza. Mbele kidogo nikageuka, naona vipande vyeupe vimenifuata barabarani kama mtu anayemwagia kuku pumba. Hatua chache zaidi, kisigino cha kushoto kikabaki kwenye lami. Na hakikubanduka, wakuu. Kingebanduka fundi angekigundisha. Kilimung'unyika kama biskuti iliyosahaulika kwenye chai. Ukikishika, vidole vinabaki na unga unaonata. Wenzangu walicheka mpaka wawili wakakaa chini. Nikavua vyote, nikatembea peku hadi nilipopata bodaboda, na dereva akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mzee, wamekukaba?"

Nikampelekea fundi viatu kile kilichobaki. Akakigusa kwa ukucha, akanirudishia. "Hii imeoza na hewa, baba. Hujaitembelea wewe."

Sikumwelewa siku ile. Nikaenda kusoma, na hiki ndicho nilichotaka kuwaambia. Povu la katikati ya soli, lile linalofanya mguu usihisi lami, mara nyingi ni la aina mbili. Kuna EVA, jepesi, linachoka kwa kukandamizwa: linakuwa gumu na kujaa mikunjo, lakini halisagiki kuwa unga. Na kuna poliyurethani. Hilo ni zito kidogo na linavumilia sana kukanyagwa, ila adui yake ni unyevu na joto. Mvuke wa maji uliomo hewani unalivunja taratibu kutoka ndani, kiatu kivaliwe kisivaliwe, hata kikiwa kwenye boksi lake. Sasa chukua kiatu kilichokaa miaka kumi kabatini kwa mtu Ulaya, kitie kwenye belo, kipandishe meli, kisha kishushe kwenye hewa ya Mtwara ambako hata chumvi inalowana ndani ya kopo lililofungwa. Soli isiyo na mkwaruzo iliyonipendeza ilikuwa inaniambia kwamba kimekaa miaka bila kuvaliwa. Mimi nikaisoma kama habari njema.

La pili ni namba. Ukucha wa kidole gumba cha kulia uligeuka mweusi, kisha ukang'oka. Nilidhani ni gonjwa. Kumbe kiatu kifupi: ukikimbia, hasa kwenye mteremko, mguu unasogea mbele na kidole kinagonga ukuta mara elfu kadhaa kila asubuhi. Namba za Ulaya zinapishana theluthi mbili za sentimita. Mimi ni 43, nikavaa 42. Milimita sita na kitu, ndizo zilizonila ukucha.

Siku hizi napima hivi. Jioni, kwa sababu mguu huvimba kutwa nzima (na ukikimbia unavimba vilevile), naweka karatasi sakafuni, kisigino kinagusa ukuta, nasimama kwa uzito wote, mtoto anachora alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote. Miguu yote miwili! Wangu wa kushoto ni sentimita 26.8, wa kulia 27.3. Ule mkubwa ndio unaonunuliwa kiatu. Kisha kwenye lebo iliyo nyuma ya ulimi wa kiatu, achana na US na UK, tafuta palipoandikwa CM. Kile kiatu changu cha biskuti kilisomeka 26.5. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mkononi siku nzima ya kununua.

Nguo nitasema kidogo, wapo wataalamu humu. Fulana ya pamba ya kampeni ni nzuri kwa kulalia. Ukikimbia nayo kuanzia Novemba, kaskazi ikivuma, inakunywa jasho mpaka inakuwa kama umebeba ndoo. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na pamba iliyoloa haikauki upesi, sembuse kwa unyevu wa huku. Poliesta nyepesi yenye vitundu inafaa zaidi. Ila nilivaa jezi ya timu yangu (sitaitaja, msije mkaharibu uzi), ile nembo ya kubandika ikanisugua chuchu ya kushoto ikatoka damu. Sasa napaka mafuta mazito ya mgando kabla ya kutoka, kwenye chuchu na kati ya mapaja.

Changieni.

NgojaNgoja

Naweka kambi. Ila mkuu, uzi bila picha?

BabaWaShangani

Mama watoto alikitupa. Alisema kinaacha unga sebuleni.

BeloLaKwanza

Mzee wangu shikamoo. Pole sana, ingawa nimecheka.

Mimi nauza viatu vya mtumba, mwaka wa tisa sasa, na nitasema kweli ili msituchukie wote. Sisi wenyewe tunaliwa. Ukifungua belo la viatu huchagui, unakuta humo vipya kwa sura, vizee kwa umri, kama hicho chako. Muuzaji anajua au hajui, inategemea. Wengi hatujui mpaka mteja arudi nacho mkononi.

Ninachofanya mimi kabla sijapanga mzigo: nabonyeza povu la pembeni kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu. Povu zima linarudi. Lililochoka linabaki na shimo. Lililooza linakuachia chembechembe au linanata, na mara nyingine limeshageuka njano na lina nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Halafu nakikunja. Kiatu cha kukimbilia kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia, siyo katikati ya unyayo. Kikikunjika katikati kama chapati, wacha. Halafu nakiweka mezani na kukitazama kwa nyuma: kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikikanyagia upande huo, na wewe utatembea kwa mwendo wake.

Tarehe nayo ipo! Viatu vingi vya kampuni kubwa vina kilebo kidogo ndani chenye mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Watu wanaangalia nembo ya nje wakati cheti cha kuzaliwa kiko ndani.

Na kwa wanaong'ang'ania namba: 9 ya Marekani ya kiume ni kama 8 ya Uingereza. Na viatu vya kike vya Marekani vina hesabu yao, 9.5 ya kike ni karibu sawa na 8 ya kiume. Ndiyo maana kaka unakuta "namba yangu kabisa" halafu kidole hakiingii. Mzee amesema kweli, CM haina uongo mwingi.

Sasa na mimi niulize, wateja. Kwa nini mnakuja kujaribu raba za kukimbilia mkiwa na ndala, miguu ina vumbi, hamna soksi? Njooni na soksi mnayokimbilia. Vaeni vyote viwili. Kimbieni hapo mbele ya meza yangu mpaka kwenye kona na kurudi, sitawafukuza. Akikukataza kukimbia, huyo anajua kitu.

PekuMpakaMwisho

Mnajisumbua. Babu zetu walitembea peku kutoka Newala kushuka mpaka pwani na hawakuwa na povu wala biskuti. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 peku, na akaweka rekodi ya dunia. Kiatu ni biashara ya wazungu.

BabaWaShangani

Mkuu, na Tokyo 1964 alishinda tena akiwa amevaa viatu, na akakimbia kwa muda mdogo kuliko wa Roma. Hiyo sehemu huwa mnairuka.

PekuMpakaMwisho

Viatu vilimkuta tayari ni bingwa.

NesiWaZamu

Hahaha, Peku una majibu. Lakini naomba nikusihi, na wengine msomao kimya: mtu mwenye kisukari asijaribu peku hata kwa utani. Ganzi ya miguu inamfanya asihisi kipande cha chupa wala mwiba, na kidonda chake hakiponi upesi. Huyo hata akiwa na viatu, atie mkono ndani kabla ya kuvaa, apapase kama kuna kokoto au mshono uliosimama. Jioni aitazame miguu yake, akishindwa kuona chini ya unyayo amwite mtu au atumie kioo.

Kwa mwenye miguu mizima, peku mchangani taratibu si kosa. Ila unyayo uliozoea viatu miaka 40 haubadiliki kwa wiki moja. Anza kwa dakika tano, siyo Mikindani.

Jingine linaloniudhi. Naona kinababa na kinadada alfajiri wamejifunga mifuko ya nailoni tumboni, juu yake sweta, juu yake trakisuti, ati wanayeyusha kitambi. Mnapoteza maji tu, mkinywa yanarudi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Na kwa joto la huku mnaufungia mwili usipumue: kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, mwishowe mnaanguka barabarani. Mkimwona mwenzenu wa hivyo ameacha kuongea vizuri au anapepesuka, mtoeni hiyo nailoni, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji na kumpepea, na hospitali iwe ndiyo safari inayofuata.

NgojaNgoja

Mimi nailoni ninayo tumboni nikiwa nasoma hapa.

NesiWaZamu

Itoe.

MamaWawili_Ligula

Uzi mzuri, lakini mmeongelea chuchu ya baba na kifua cha mama mmekiacha. Kaka zangu mnisamehe, naongea na dada zangu.

Sidiria ya kawaida haifai kukimbilia. Nilikimbia nayo miezi miwili, mabega yana alama mpaka leo. Sidiria ya mazoezi inashikilia kwa ule mkanda wa chini, kwenye mbavu, siyo kwa kamba za mabegani. Ukiinua mikono juu na mkanda ukapanda nao, ni kubwa kwako. Ukiingiza vidole viwili chini ya mkanda na vikapita bila kugombana, umepata. Halafu ruka, hapo hapo dukani, mara kumi. Kikiruka kama mpira wa kitenesi, rudisha mezani. Usinunue kwa kuangalia tu mbele ya kioo umesimama wima, kwani tunakwenda kupigwa picha?

Na za mtumba jamani tuziache. TBS, wale wa viwango, wameshapiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na hata kama si usafi, mpira wa mkanda umeshavutika na kifua cha mtu mwingine. Hiki ni kitu pekee ambacho mimi nanunua kipya. Kiatu nitabembelezana na BeloLaKwanza.

Sisi wa hijabu. Nimejaribu kila mtindo. Mtandio wa hariri unateleza, unakimbia huku umeushika kwa mkono mmoja. Pini zinachoma, na kwa jasho zinaacha madoa ya kutu. Nilichokuja kukaa nacho ni ule ushungi wa kuvaa kichwani moja kwa moja, kitambaa chepesi kinachovutika, mfupi kifuani, rangi ya mwanga. Mweusi unabeba jua lote la saa mbili. Juu navaa fulana ya mikono mirefu ya poliesta, pana, inashuka mpaka karibu na goti, na imepasuliwa pembeni ili hatua isinaswe. Chini suruali nyepesi ya trakisuti. Dera nalipenda kwa mapenzi yote lakini si la kukimbilia: upepo wa kusi ukilijaza ufukweni unakuwa jahazi. Niliwahi kukanyaga pindo mbele ya vijana wa bodaboda. Sitaki kulizungumza.

Anayevaa taiti, ainame mbele ya kioo penye mwanga wa jua, siyo kwenye kibanda chenye giza. Nyingine zikivutika zinageuka neti. Na mshono wa katikati ya mapaja uwe bapa, ule mnene unachubua ngozi na ukienda kuoga baadaye maji ya chumvi yatakusimulia.

Mwisho, tunatoka kukiwa na giza, bodaboda wengine hawana taa. Vaeni nyeupe au chungwa, siyo kaki ya kufanana na barabara.

Kijana_wa_Chuno

Mama shikamoo, hapo kwenye jahazi nimekufa.

Swali langu kwa wakuu: mimi sikimbii, nanyanyua vyuma. Jirani ana jimu ya kienyeji, vyuma vya kumwaga zege kwenye makopo. Nina njumu za mpira na raba moja ya soli nene. Nivae ipi?

BabaWaShangani

Mwanangu njumu ni za nyasi. Kwenye sakafu ya saruji utateleza na vyuma vikuangukie.

BeloLaKwanza

Kijana, ukinyanyua unataka kitu kigumu na bapa chini. Ile soli nene ya povu inakuyumbisha, ni kama kunyanyua gunia la korosho umesimama kwenye godoro. Raba za kitambaa za soli bapa, zile za bei ya chini kabisa ambazo watu wanazidharau, ndizo zako. Hapo utatumia elfu kumi na chenji ya maji irudi.

MachingaWaLindi

Nawasalimu kutoka Lindi, mji wenye fukwe ya kukimbilia na siyo lami ya kumwagia visigino. Na mkumbuke Wamachinga ni kabila la huku kwetu, kwa hiyo kwenye suala la kuuziana bidhaa Mtwara mtusikilize.

Nasema kuhusu mchanga. Kimbieni maji yakiwa yamekupwa, pale palipoloa na kushindiliwa. Mchanga mkavu wa juu unavuta misuli ya nyuma ya mguu mpaka unatembea kama bata kesho yake. Pia ufukwe umeinama, mguu mmoja unakuwa juu mwingine chini, kwa hiyo nenda na urudi kwa njia ileile ili zamu igawanyike. Palipo na mawe ya matumbawe usipite na kiatu chenye soli ya povu tupu, yanakata kama kisu. Tafuta chenye mpira halisi chini.

Maji ya bahari yakiingia kwenye kiatu, suuza kwa maji baridi siku hiyohiyo. Toa kile kilalio cha ndani na kamba, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe zikiloa, anika kivulini penye upepo. Mnaoanika juu ya bati saa sita mchana mnayeyusha gundi kisha mnamsingizia muuzaji.

BeloLaKwanza

Huyu wa Lindi leo kaongea. Andika tarehe.

Kijana_wa_Chuno

Na soksi? Hakuna aliyezigusa.

MachingaWaLindi

Pamba nene ikiloa inakunjamana na kukutoa malengelenge. Tafuta nyembamba yenye nailoni au poliesta ndani yake, inayobana kwenye upinde wa unyayo, na isiwe na mshono mnene kwenye vidole. Ikitoboka usiishone kwa uzi wa magunia kama bibi yangu, lile fundo ni kokoto.

Mgeni_Masasi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina unyayo bapa, nikikanyaga saruji na mguu uliolowa inatoka alama nzima, hakuna ule mkato wa katikati. Duka moja waliniambia bila viatu maalumu vya laki mbili na nusu nitaharibika magoti. Ni kweli?

NesiWaZamu

Unaumwa popote?

Mgeni_Masasi

Hapana. Nimecheza mpira mpaka darasa la saba na sasa nalima.

NesiWaZamu

Basi una unyayo bapa na laki mbili na nusu yako. Watu wengi wako hivyo na hawana shida yoyote. Chagua kiatu ambacho ukikimbia nacho hukikumbuki. Ukianza kupata maumivu ndani ya kifundo au chini ya kisigino asubuhi, hapo njoo tuongee.

BabaWaShangani

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki ya nne sasa.

Nilikwenda jioni, na soksi zangu mfukoni. Nilikataa jozi nne. Ya kwanza ilinata kwenye ukucha, yule kijana akajifanya kushangaa. Ya pili ilikunjika katikati. Mbili zilikuwa CM 27. Ya tano ina sura mbaya, wakuu, rangi ya maembe yaliyoanza kuharibika, na nembo siijui hata kuitamka. EVA, CM 28, kidole gumba cha mkono kinakaa sawasawa kati ya kidole kirefu cha mguu na mwisho wa kiatu. Kisigino kilikuwa kinapanda kidogo, nikapitisha kamba kwenye vile vitundu viwili vya juu kabisa ambavyo siku zote nilidhani ni vya urembo: unaiingiza kamba upande uleule inatengeneza kitanzi, kisha unapitisha ya upande wa pili kwenye kitanzi hicho na kuvuta. Kisigino kimetulia. 22,000.

Nimeenda nazo Mikindani mara tatu na kurudi. Ukucha mpya umefika nusu. Wenzangu bado wananiita Biskuti, na nimeshaacha kulalamika.

NgojaNgoja

Mzee Biskuti, hiyo rangi ya embe nimeiona leo asubuhi ikinipita pale uwanja wa Nangwanda Sijaona. Nilikuwa natembea. Nailoni nimetoa.

BeloLaKwanza

Jumamosi nafungua mzigo saa mbili asubuhi. Mama wa Ligula, nimekuwekea 39 mbili pembeni, CM 25 na 25.5. Njoo na soksi.

MamaWawili_Ligula

Mwaka gani?

BeloLaKwanza

Yarabi, nimewafundisha mwenyewe. Ngoja nikaangalie lebo.